Liliposomwa Jina Langu Ulibaki Chumbani

Mama Aline,

Nimeianza barua hii mara kadhaa na kila mara nimefuta sentensi ya kwanza, kwa sababu kila mara ilikuwa swali. Wewe hujibu tena, na kazi yangu imenizoeza kutouliza pasipo na wa kujibu. Basi naanza na taarifa.

Umezikwa. Ilichukua wiki kadhaa kupata siku, kama ilivyo desturi ya hapa Uswidi, na ulisubiri kwa subira ambayo ukiwa hai hukuwa nayo. Aline alivaa koti lako la kahawia. Kwaya ya kanisa lenu la Rissne iliimba kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha mchungaji akasema maneno machache ya Kiswidi kwa ajili ya wenzako wa kazini, waliosimama pamoja pembeni wasijue mikono yao waiweke wapi. Mimi nilisimama upande wa familia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kila mtu pale alijua hapo ndipo pangu.

Nyumba yako imerudishwa kwa kampuni ya nyumba. Aline amepata chumba Rinkeby, juu ya lile duka tunakonunua samaki. Vitu vyako vingi vimegawiwa. Mimi nilipewa chupa yako ya chai, ile ya kijani yenye kifuniko kilichobonyea. Aline aliniletea mwenyewe, akaiweka mezani na kusema kwa Kiswidi kwamba mama yake angependa niwe nayo. Nilishukuru. Wakati ule sikuwa najua ninachokijua leo. Kama ningejua, sina hakika ningeipokea.

Unaikumbuka kanuni yako ya ile chupa. Ulipoacha kuongoza kituo cha afya ukaanza kufundisha wanaojifunza kuongoza vituo hivyo, ulijiunga pia na lile shirika la ithibati. Mlikuwa mkienda kwenye vyuo, mnasoma taarifa zao, mnaketi na walimu na wanafunzi wao, halafu mnaamua kama chuo kinastahili kutoa watu watakaopanga zamu za wauguzi, kununua dawa na kushika bajeti za hospitali. Hakuna aliyewalipa. Na wewe ulikuwa na sharti lako juu ya masharti ya shirika, kwamba hugusi cha mwenyeji. Waswidi wanakuandalia fika yao, yaani kahawa na maandazi yao ya mdalasini, wewe unafungua chupa yako na kumimina chai yako. Uliniambia mkuu mmoja wa chuo alikasirika mpaka akakuuliza kama umefunga. Ukamjibu, "Hapana. Ninakagua."

Kwangu Fittja ulikuwa unakula. Jumapili baada ya ibada ulipanda treni ya buluu kutoka Rissne, ukabadili pale kati, ukaja na treni nyekundu mpaka kwangu, ukanikuta na ugali wa muhogo na migebuka, wale samaki wa Kigoma. Ulikuwa unavua viatu na kusema, "Hapa ninakula, hapa sikagui mtu." Ulisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikaacha kuyasikia maneno yenyewe. Mwandishi wa habari hapaswi kuacha kusikia.

Nataka nikumbushe tulikotoka, si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya hilo neno ulilolitamka juu yangu. Tulikutana Kigoma, kambini. Wewe ulikuwa mkimbizi kijana uliyekabidhiwa kusimamia dirisha la dawa la zahanati. Mimi nilikuwa nimetumwa na redio, nimebeba kinasa sauti kizito na kujiona mtu muhimu. Nilikuja moja kwa moja dirishani. Hukunitazama hata usoni. Ulisema, "Bi Habari, foleni inaanzia kule." Nikaenda nikasimama juani nyuma ya akina mama wenye watoto wa homa, na nilipofika mbele nilikuwa tayari na habari nzuri kuliko ile niliyotumwa, kwa sababu wale akina mama walinisimulia yote. Miaka ikapita, kila mmoja akafika Stockholm kwa njia yake. Siku moja kwenye duka la Rinkeby nilikuwa nimeinama kwenye friza la samaki, nikasikia nyuma yangu, "Bado unaruka foleni?" Nilijua ni wewe kabla sijageuka. Tulicheka mpaka mwenye duka, Mganda yule mpole, akatuletea viti.

Tangu siku ile hukuwahi kuniita Mwajuma. Ulikuwa Mama Aline, nikawa Bi Habari. Nilikuwapo baba yake Aline alipoondoka. Nilikuwapo ombi lako la ukazi lilipokataliwa mara ya kwanza, na sababu yake ninaijua, na hakuna redio wala gazeti lililowahi kuipata kutoka kwangu. Nimekaa na mambo yako kifuani, mengine nisingeyaandika hata kwenye barua hii ambayo hakuna atakayeifungua.

Ni wewe uliyenisukuma kusoma usimamizi wa huduma za afya katika umri ambao wenzangu wanafikiria kustaafu. Ulisema nina macho. Nilisoma, nikafaulu, nikaendelea kuandika kuhusu hospitali kama zamani, ila sasa nikielewa ninachokitazama. Na kadiri nilivyoelewa ndivyo kazi yangu ilivyonichosha. Miaka yote nimefika mambo yameshaharibika. Mgonjwa ameshakufa kwenye korido, dawa zimeshaisha muda, zamu imeshaachwa bila daktari, ndipo mimi ninabisha hodi na kuuliza ilikuwaje. Nilitaka, angalau mwisho wa kazi, nifike kabla. Shirika lenu lilipotangaza nafasi ya mwanagenzi wa kujitolea, mtu wa kufuatana na wakaguzi mwaka mzima, kusoma nao taarifa na kujifunza kuuliza maswali kabla ya madhara, nilikupigia simu palepale. Nilisema mfululizo, bila kupumua. Wewe ukasema neno moja: "Tuma."

Nilidhani uko kazini na huna nafasi ya maneno mawili.

Sikukuomba unisemee. Hili nataka lieleweke, kwa sababu kwetu mtu akiwa na ndugu ndani, ndugu humsemea, na wengi wangedhani hicho ndicho nilichokosa nikakasirika. Nilijua utaratibu wenu kwa sababu ulinifundisha wewe. Mwenyekiti anasoma jina la mwombaji, anauliza nani anamfahamu, na anayemfahamu anasimama, anatoka, anakaa korido mpaka aitwe. Nilikuwa nimekwisha kukuona kwenye hiyo korido. Katika siku zile za kusubiri nilijiliwaza na picha hiyo: mlango umefungwa, wageni wananijadili kwa haki, na wewe uko nje kwenye kiti cha plastiki na chupa yako ya kijani, unanywa chai, hujui wanasema nini. Ilinitosha. Uaminifu wako kwangu ulikuwa huo, kutoka nje.

Jumapili iliyofuata ulikuja kama kawaida. Ulivua viatu. Nikaweka sahani, ukasema tumbo linakusumbua. Ukafungua chupa yako, ukamimina chai yako kwenye kikombe changu.

Mama Aline, niliona. Niliona kwa macho haya unayoyasifu, na sikuelewa. Nilikuuliza kama umekwenda kwa daktari. Ukasema utakwenda. Ukaja tena Jumapili nyingine, tumbo lilelile, chupa ileile, na mimi nikakupikia uji mwembamba usio na chumvi, nao hukuugusa. Nilifunika chungu nikaogopa. Nilianza kusoma mambo ya tumbo, mimi ambaye nimehoji mabingwa wa tumbo, nikajitisha kwa kila ukurasa.

Halafu jibu langu likaja. Walinishukuru kwa kuomba. Nilikupigia, ukasema pole, ukaja wiki ileile bila hata kungoja Jumapili. Ulikula sahani mbili. Ulinyonya vichwa vya samaki mpaka mifupa ikawa myeupe, ukapangusa midomo na kusema, "Haki ya Mungu, leo tumbo limefunguka." Na mimi nikafurahi. Nimekataliwa asubuhi ya juzi yake, na niko jikoni kwangu ninafurahi kwa sababu Mama Aline amepata nafuu. Nilikufungia na wengine uende nao nyumbani.

Kabla baridi haijaisha moyo wako ukasimama, Rissne, ukisubiri treni karibu na ule ukuta ulioandikwa historia ya dunia, ambao ulikuwa ukiusoma kila asubuhi na kulalamika kwamba Afrika wameiandika kwa haraka. Nilipopata habari, jambo la kwanza nililolifikiria ni tumbo. Nilimwambia Aline kwamba ningepaswa kukukokota kwa daktari, kwamba dalili nilikuwa nazo mbele yangu. Aline alinitazama na kunijibu kwa Kiswidi, taratibu, kama mtu anayesahihisha mtoto bila kutaka kumuumiza, kwamba mama hakuwa na tatizo lolote la tumbo. Alikuwa anakula vizuri kila siku. Jumamosi alipika isombe, kisamvu chenu, Jumapili jioni akirudi kutoka kwangu alikuwa anakula kiporo amesimama.

Hilo nililiweka kando. Kulikuwa na mazishi ya kushughulikia. Lakini mtu wa kazi yangu halisahau jambo lililowekwa kando.

Siku ya kuondoa matanga tulikodi ukumbi wa kanisa lenu. Mimi nilipika samaki. Wakwe wa dada yako walileta maharage na ndizi. Wenzako wa shirika walikuja, na miongoni mwao mzee mmoja Mkongo, mwenyekiti wa lile jopo lililosoma ombi langu, ambaye watu wote walimwita Papa Dieudonné. Sikuwa nimewahi kumwona. Alichukua sahani, akaonja, akamuuliza Aline ni nani mpishi. Aline akanionyesha kidole na kusema, "Mama mdogo Mwajuma."

Yule mzee aliweka sahani chini. Nilimwona. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni kama mtu anayemeza dawa, akaja nilipo na kuniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama, pardon. Ni weye Mwajuma wa redio?"

Nikasema ndiye mimi.

"Na uko wa familia?"

Nikamwambia mimi si damu, ila wewe na mimi tulijuana tangu Kigoma, kabla Aline hajazaliwa. Nilisema kwa fahari kidogo. Ilikuwa siku ya kusema mambo hayo.

Akasema, "Lakini alituambia hakujui. Tulimuuliza muzuri. Alisema anajua tu sauti, kwenye redio."

Nimesikia mengi katika kazi hii bila uso kubadilika. Nimemsikia mkurugenzi akikana maiti zilizokuwa nyuma ya mlango wake. Uso wangu haukubadilika hata siku ile. Nilimuuliza swali linalofuata, kama ningemuuliza mtu yeyote: alibaki chumbani? Akasema alibaki. Nikamuuliza: alizungumza? Papa Dieudonné akasema hapaswi kunieleza yaliyosemwa ndani. Akatazama ile sahani aliyoiacha. Ndipo akasema kwamba wengine walikuwa wananitaka, na kwamba wewe ndiye uliyesema sana siku ile. Ulisema vyuo hufungua milango kwa sababu vinaamini yatakayoonekana ndani yatabaki ndani, na mtu wa habari hawezi kufunga mdomo.

Nilikuwa na kijiko cha kupakulia mkononi. Nikaendelea kupakua.

Sasa nikuambie ninachokijua na nisichokijua. Ninajua ulikana kunifahamu. Ninajua ulizungumza dhidi yangu. Ninajua kuwa ulinipima kweli, na ulijua unanipima, kwa sababu hukula kwangu mpaka ulipomaliza. Kanuni ya kutokula uliishika. Kanuni ya kutoka nje uliivunja. Sijui kwa nini. Huenda ulibaki ukitaka kunitetea, ukajikuta unasema kinyume. Huenda uliamini kweli kwamba siwezi kunyamaza, wewe ambaye siri zako zimelala kwangu miaka yote hii. Huenda shirika lile ndilo lilikuwa mahali pekee katika mji huu ambapo hukuwa mkimbizi wa mtu, wala mama wa mtu, wala rafiki wa Bi Habari aliyekuona ukilia, na hukutaka niingie humo na viatu vyangu. Hilo la mwisho linaniuma kwa sababu linaeleweka. Lakini sina chanzo hata cha moja kati ya hayo, na nisichokuwa na chanzo chake siandiki kama habari.

Ungeniambia, "Bi Habari, mimi nadhani hufai," tungegombana, ungekula ukiwa umekasirika, ningekuita jina baya, na Jumapili nyingine ungekuja. Kukataliwa nimezoea. Kinachonishinda ni kwamba mtu alisoma jina langu kwa sauti, akauliza nani anamfahamu huyu, na wewe ukabaki umekaa.

Papa Dieudonné ni mtu mwadilifu. Kabla hajaondoka aliniambia wazi kwamba nina haki ya kulalamika, na kwamba nikilalamika ombi langu litasomwa upya na watu wengine. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba jambo hilo likiingia kwenye maandishi itabidi wapitie kila uamuzi ambao wewe ulishiriki. Kila chuo. Watataka kujua ni wapi pengine ulibaki umekaa. Aline alikuwa amesimama karibu yetu na sinia la vikombe. Hajibu kwa Kiswahili, lakini anakisikia chote, unajua.

Tulitoka pamoja mimi na yeye. Kwenye ngazi ndefu za kushukia treni aliniuliza kwa Kiswidi neno moja tu: "Utafanya?" Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli.

Nilisema moyoni kwamba sitalalamika. Si kwa wema. Mwandishi haandiki habari ambayo yeye mwenyewe yumo ndani yake, na nikaona hiyo ndiyo njia safi ya kunyamaza. Basi nikanyamaza. Halafu shirika likatangaza nafasi za mwaka huu, na mimi bado nataka kufika kabla. Mwombaji anaulizwa kama ana uhusiano na mtu yeyote aliyepo au aliyewahi kuwapo kwenye majopo yao. Nimelitazama swali hilo jikoni kwangu, mahali ulipokuwa ukikaa. Kujibu hapana lilikuwa jambo jepesi. Umekufa, na ulikwisha kulijibu hivyo wewe mwenyewe. Tungekubaliana angalau kwa hilo.

Nilijibu ndiyo. Nikaandika jina lako, na kwamba tulifahamiana, na kwamba ulikuwapo kwenye jopo lililojadili ombi langu la kwanza.

Kabla ya kutuma nilimwita Aline aje Fittja, kwa sababu jina lile ni lake pia. Nilimweleza yote, pamoja na la tumbo. Hakulia. Ana ile tabia yako ya kukunja midomo. Nilimsomea nilichoandika, akanisimamisha kwenye neno "tulifahamiana". Akasema kwa Kiswidi kwamba hiyo si sahihi. Kufahamiana ni mtu na jirani yake wa ghorofa ya pili. Akasema, andika rafiki. Andika rafiki wa karibu, miaka mingi.

Mama Aline, nilikuwa nimelilainisha. Mimi, ninayejisifu kwa neno sahihi, nilitafuta neno dogo ili kosa lako lionekane dogo, na binti yako ambaye atabeba aibu yake ndiye aliyenikatalia. Niliandika alivyosema. Nikatuma akiwa ameketi pale. Halafu nikapakua, akala.

Kwa hiyo watafungua mafaili yako. Nakuambia mimi kwanza, kwa heshima ambayo hukunipa. Wakikuta kila mahali pengine ulisimama ukatoka, na ninaamini hivyo ndivyo watakavyokuta, basi utakuwa umekaa mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa juu yangu. Sijui kama hilo litanipa nafuu au litaniongezea. Ninafikiri litaniongezea.

Sijakusamehe. Naandika hivyo kwa sababu barua kama hizi huishia kwenye msamaha, na mimi sitaki kukudanganya wakati huna namna ya kunibishia. Dukani Rinkeby bado ninachukua pakiti mbili za migebuka, kwa mazoea tu, na nikifika nyumbani ninakumbuka na kuiweka moja kwenye friza. Friza limejaa.

Wakinikataa tena, nitakuwa nimekataliwa na watu wanaonijua mimi ni nani. Wakinikubali, nitakwenda na chupa yako ya kijani. Sitagusa cha mwenyeji, kwa sababu hilo ulinifundisha vizuri. Na siku mwenyekiti atakaposoma jina la mtu ninayemfahamu, hata kama nampenda, hata kama namchukia, nakuahidi nitasimama, nitatoka, na mlango nitauvuta mwenyewe nyuma yangu. Nitakaa korido pale nilipokuwekea kiti, ambapo hukuja kukaa.

Lala, Mama Aline. Aline anakula vizuri. Mlango wangu wa Fittja ni uleule.

Ni mimi, Mwajuma. Unanifahamu.